Kadi ya Baba Mkwe

“Unamwambia tu, ‘Baba, kadi hii haifai,’ basi, maneno manne, hata mtoto wa chekechea anaweza ku—”

“Basi mtume mtoto wa chekechea, maana mimi nikifungua mdomo mbele ya baba yako—”

“—kuyasema, tena bila kutoka jasho kama wewe hapo.”

“Jasho ni la joto.”

“Feni inakupuliza usoni, Baba Pacha.”

Mwanamume akageuza uso kutoka kwenye feni, kana kwamba feni ndiyo imemsaliti. Alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, miguu ameitanua, kesi ya kompyuta, lile kasha la nje, katikati yake kama mtu anayekamua mbuzi. Mtaani walimwita Fundi Baridi, kwanza kwa sababu kazi yake ni kutengeneza mafriji, pili kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Mkewe, Mama Pacha, ndiyo kwanza ameingia kutoka famasi anakofanya kazi, hata koti jeupe hajavua, na amekuta mambo yako palepale alipoyaacha asubuhi: skrini imewaka, mstari wa kupakia umekwenda hadi nusu, halafu giza. Giza nene, la kutosha kujionea sura yako.

“Leo Alhamisi,” Mama Pacha akasema.

“Najua leo ni siku gani.”

“Kesho mchana mhariri anataka fumbo.”

“Hilo nalo najua.”

“Na baba anakuja kesho asubuhi na matumaini yote. Unalijua na hilo? Maana naona leo unajua kila kitu isipokuwa kusema.”

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo, tumwone huyo baba.

Baba yake Mama Pacha alikuwa mtunga mafumbo. Yale ya gazetini, ya vijumba vyeupe na vyeusi, kushuka na kukata, ambayo watu huyajaza Jumapili wakiwa wamekaa vibarazani huku wakigombania kalamu. Ukurasa ule ulikuwa wake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ndiyo maana dunia nzima, mpaka muuza mkaa, ilimwita Mzee Mraba. Alipostaafu ualimu hakulia. Alipofiwa na kaka yake alilia, lakini fumbo la wiki ile lilitoka. Sasa kompyuta yake ikafa. Umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa hasira, ukachoma kila kilichomo isipokuwa hadidiski. Maelezo ya miaka yote, maneno aliyokwisha kuyatumia, na fumbo moja ambalo halijamalizika, yote yalikuwa kwenye hadidiski ile, mazima kabisa, na hayafunguki.

Tatizo lilikuwa programu. Ile programu ya kutungia mafumbo ilitengenezwa na mtu mmoja ambaye zamani sana aliachana na biashara hiyo, pengine sasa anafuga kuku. Haikubali mfumo mwingine wowote wa kompyuta ila mmoja, tena toleo lake la zamani. Na mfumo wenyewe una kampuni yake, na kampuni inasema bila kuficha: mfumo wetu ni wa mashine zetu. Ukiuweka kwenye mashine uliyojijengea nyumbani, shauri yako. Ukipiga simu kuomba msaada watakutakia siku njema. Ukinunua mashine mpya ya kampuni, inakuja na toleo jipya, nalo likionyeshwa programu ya Mzee Mraba linaiangalia kama mtu aliyepata cheo anavyowaangalia aliosoma nao.

Ndipo Fundi Baridi akasema kwenye chakula, “Mimi nitamjengea baba moja.” Akajifuta mdomo, akaendelea kula. Mama Pacha alijua palepale kwamba sebule yake imekwisha.

Kujenga kompyuta ya kawaida ni kama kwenda sokoni: unatazama kilicho kizuri na mfuko wako, unachukua. Hii haikuwa hivyo. Fundi Baridi aliielewa haraka kwa sababu ya mafriji. Huwezi kuweka gesi yoyote kwenye kompresa yoyote eti kwa sababu gesi hiyo ni mpya na mtungi wake unang’aa. Mfumo ule ulikuwa kama mlinzi wa getini mwenye majina yake kichwani. Ukija na suti na gari la kifahari, na jina lako halimo, utalala nje. Ukija na ndala na anakujua, pita. Kwa hiyo kila kifaa alichokishika alikiuliza swali moja tu: huyu anakujua?

Akaanza kukusanya wanaojulikana. Mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vifaa vingine vyote, aliitoa kwenye mashine iliyotupwa na ofisi fulani ya wahasibu, imejaa vumbi hadi alipoipuliza jirani akapiga chafya. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa ya ukoo uleule ambao kampuni yenyewe iliutumia miaka ile, na ndani yake ilikuwa na uwezo wake mdogo wa kutoa picha, unaotosha kabisa kwa vijumba vyeupe na vyeusi. Kadi ya waifai, ndogo kama ukucha wa dole gumba, aliing’oa kwenye laptopu iliyovunjika bawaba. Ya kwanza ilikataa. Ikaonekana inatoka kiwanda kingine ingawa sura ni ileile, kama ndugu wa baba mmoja ambao mmoja ni mkorofi. Akatafuta nyingine. Usiku na mchana alikuwa akisoma mtandaoni yale wanayoandikiana watu wa kazi hiyo, watu asiowajua wala hawatamjua, ambao wakikwama hutukana kwa lugha tano na wakifanikiwa hupotea bila hata kwaheri.

Vifaa vyote vikawa tayari, pamoja na hadidiski ya mzee. Ilibaki kufunga skrubu.

Siku hiyohiyo Mzee Mraba akateremka kwenye teksi na boksi mapajani. Hakukubali dereva alishike. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, amebeba mwavuli na uso wa mtu aliyepiga kelele njiani akapuuzwa.

“Mkwe,” Mzee Mraba akasema, “wewe umetoa nguvu zako. Mimi siwezi kukaa kama jiwe. Nimekwenda mjini, nimeingia dukani, nimemwambia muuzaji: nipe kadi ya picha iliyo mpya kuliko zote.”

Akafungua boksi. Kadi ilikuwa kubwa kama tofali, ina feni mbili, na taa.

Mpya kuliko zote. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na lilikuwa limeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Mfumo ule ulizaliwa kabla ya kadi ile. Utamjuaje mtu ambaye ulipokuwa ukikusanya majina hajazaliwa? Fundi Baridi alilijua hilo kabla karatasi ya nailoni haijamaliza kuchanika. Alitazama kadi, akamtazama baba mkwe, ambaye alikuwa amesimama na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeleta kazi ya mikono.

“Asante sana, baba,” akasema. “Hii ndiyo iliyokuwa imebaki.”

Hayo maneno yakatoka yenyewe. Hakuna aliyemshikia kisu. Na tangu siku ile akawa anayalipia: leo anabadilisha mpangilio huu, kesho ule, anaidanganya mashine kwamba kadi ni nyingine, anaidanganya kadi kwamba mashine ni nyingine, na kila jioni mstari unakwenda hadi nusu, giza linaingia, na simu inalia.

“Vipi, mkwe?”

“Inazoea, baba.”

“Aa. Iache izoee.”

Wakati inazoea, mhariri naye alisema lake. Mafumbo ya akiba yalikwisha Jumapili iliyopita. Mzee Mraba alijaribu kuchora moja kwa rula na penseli, akalipeleka mwenyewe, akaambiwa kwa adabu kwamba siku hizi hakuna mtu wa kuchora upya; walete kwenye faili kama kawaida. Kama Ijumaa mchana faili halijafika, ukurasa unachukuliwa na tangazo la magodoro. Na si kwa Jumapili moja. Wenye magodoro walitaka mkataba wa mwaka.

Ndipo tulipowakuta, mume sakafuni na mke na koti jeupe.

“Itoe,” Mama Pacha akasema.

“Nini?”

“Hiyo kadi. Itoe tuone mashine bila yenyewe. Mimi na wewe tu, milango imefungwa, hakuna mkwe hapa.”

Fundi Baridi akaitoa. Akachomeka waya wa skrini kwenye tundu la mazabodi lenyewe, lile dogo, la kimya, ambalo lilikuwepo siku zote. Akawasha. Mstari ukaenda hadi nusu. Ukapita nusu. Ukafika mwisho, na picha ikatokea pale kwenye skrini bila mbwembwe yoyote, kama mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja aitwe. Akafungua programu ya mafumbo. Ikafunguka. Vijumba vyeupe na vyeusi vikajipanga.

Mama Pacha alikaa kwenye mkono wa kochi.

“Kwa hiyo,” akasema, “ilikuwa haihitaji kuongezwa kitu.”

“Haikuhitaji.”

“Ilihitaji kutolewa tu.”

“Ndiyo.”

“Na umenijazia sebule yangu nyaya mwezi mzima kwa sababu ya asante moja.”

“Ukiisema hivyo inasikika vibaya.”

“Isemwe vipi isikike vizuri? Haya, chukua simu umpigie.”

Fundi Baridi hakuchukua simu. Alikuwa anaitazama kadi pale zuliani. Kesi waliyoinunua ilikuwa na ubavu wa kioo, na baba mkwe kila akija alikuwa anainama pale, mikono magotini, anatazama taa za kadi yake kama watu wanavyotazama samaki. Asipoiona kesho ataanza na swali hilo kabla hajakaa.

“Naweza kuirudisha,” akasema taratibu. “Naandika mstari mmoja kwenye mpangilio wa kuwashia, naiambia mashine: huyu mpuuze, usimsalimie. Kadi inakaa mahali pake, taa zinawaka, feni zinazunguka. Waya wa skrini unabaki kwenye mazabodi.”

“Yaani pambo.”

“Kama mjomba kwenye picha ya harusi. Hana kazi, lakini asipokuwepo maneno yanakuwa mengi.”

“Baba Pacha, mficha uchi hazai.”

“Mimi ninao pacha.”

Mama Pacha alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia, na mtu ukishacheka hoja yako imeshapoteza mguu mmoja. Akavua koti, akaenda kuwatazama hao pacha wanafanya nini kimya hivyo. Nyuma yake Fundi Baridi akaandika mstari wake, akarudisha kadi, akawasha. Taa nyekundu, taa ya buluu. Picha ikaja. Usione vyaelea, vimeundwa, na hiki kiliundwa kwa uongo kidogo pembeni.

Ijumaa asubuhi wakwe wakaingia.

“Shikamoo, baba. Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe. Imezoea?”

“Imezoea, baba.”

Mama mkwe akatandaza mto wake kwenye kochi, akakaa, akamwambia binti yake kwa sauti ya chini ambayo nyumba nzima ilisikia, “Hakulala. Amekuwa akinigeuzia mgongo huku na huku kama anakaangwa.”

Mzee Mraba hakuwa na habari naye. Alikuwa ameshainama kwenye kioo. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, na sikioni alikuwa na penseli ingawa karatasi hakuwa nayo. Alizitazama taa, akatikisa kichwa polepole.

“Hiyo nyekundu hapo,” akamwambia mkewe, “ndiyo yangu.”

“Naiona. Ya buluu ya nani?”

“Yangu pia.”

Akakaa. Fundi Baridi akaizima na kuiwasha upya mbele yake, mstari ukatembea hadi mwisho, programu ikafunguka, na fumbo lililokatizwa na umeme likatokea likiwa na pengo lake kwenye pembe ya kulia chini, kama lilivyoachwa. Mzee Mraba aliweka vidole kwenye kibodi asiandike. Kisha akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Alikuwa ananong’ona, anahesabu herufi kwa kugonga goti. Mama Pacha alisahau kwamba anatakiwa kuwahi zamu. Hakuna aliyezungumza, maana baba akitunga hakusemwi, tangu yeye ni mtoto ilikuwa hivyo. Yeye na ndugu zake waligombana kwa ishara, wakazibia vicheko kwenye mito ya kulalia.

Kijumba cha mwisho kikajaa.

“Kasi yake mmeiona?” Mzee Mraba akasema, akiegemea nyuma. “Ile ya zamani ilikuwa inafikiri kwanza. Hii hapana. Ndiyo faida ya kununua kadi ya maana.”

“Kweli, baba,” akasema Fundi Baridi.

Mama Pacha akatazama dari.

Kilichobaki ni kulituma fumbo. Barua pepe ya mhariri ilikuwa wazi, faili limeshapachikwa. Lakini jua lilikuwa limefika dirishani na linapiga kwenye skrini, na Mzee Mraba, ambaye hakutaka kutuma kitu bila kukipitia mara ya mwisho, akainuka aizungushe meza kidogo. Fundi Baridi aliruka kumsaidia, akachelewa. Meza ilizunguka. Mgongo wa kompyuta ukawa mbele ya uso wa baba mkwe.

Sasa, mtu aliyetunga mafumbo maisha yake yote, jicho lake huwa halitafuti kilichopo. Linatafuta nafasi tupu.

“Mkwe.”

“Naam, baba.”

“Kadi yangu ina matundu manne huku nyuma.”

“Ndiyo, baba.”

“Yote matupu.”

Feni za kadi zikaendelea kuzunguka kwa bidii.

“Huenda waya umepumzika,” akasema mama mkwe.

“Waya wa skrini huu hapa. Umeingia huku pembeni, mahali pengine kabisa.” Akaugusa kwa penseli, hakuuvuta. “Mimi si fundi. Lakini kadi ya picha, picha isipopita kwake, yeye anafanya nini?”

Fundi Baridi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye, na safari hii hakutazama dari. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia nyuma ya meza, sentimeta chache kutoka ukutani.

“Hafanyi kitu, baba,” akasema. “Kadi ni nzuri. Lakini ni mpya, na mfumo huu ni wa zamani, haumjui. Mashine ilikuwa inakufa njiani kwa sababu yake. Jana nimeiambia impuuze, ndipo ikawaka. Picha inatoka kwenye prosesa. Kadi inawasha taa tu.”

“Aa.”

“Nisamehe, baba.”

“Ulijua jana?”

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Angeweza kusema ndiyo, jana. Fundi Baridi aliuona, akauacha.

“Nilijua siku ulipofungua boksi.”

“Nilipofungua boksi ulisema nini?”

“Nilisema asante.”

“Ulisema ndiyo iliyokuwa imebaki.”

“Na hilo pia.”

Mzee Mraba akarudi kwenye kiti, akakaa. Alichomoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake. Mama mkwe akaanza kukunja mto wake taratibu, maana alimjua mumewe. Mwaka fulani aligombana na shemeji yake kuhusu ngazi na hawakusalimiana mpaka ngazi ikaoza. Mama Pacha naye akasogea katikati.

“Baba, hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogo—”

“Subiri kidogo, mama,” akamwambia binti yake. Hakuinua sauti. Alikuwa anaitazama ile barua pepe iliyo wazi. “Mhariri naye huniambia asante. Kila wiki. ‘Safi sana, baba, asante.’ Zamani alikuwepo mmoja, mtu mbaya, alikuwa ananirudishia fumbo limejaa wino mwekundu, mpaka nikamwota. Huyu kijana hajawahi kunirudishia hata herufi. Na wasomaji walikuwa wananiandikia kunitukana, hili ni rahisi, lile umelirudia, neno hili halipo. Siku hizi hawaandiki. Nikasema wameridhika.”

“Wameridhika, baba,” akasema Mama Pacha.

“Umelijaza lini la mwisho, wewe?”

Mama Pacha akainama, akaanza kukusanya nyaya zuliani.

Mzee Mraba akasimama. Kila mtu alidhani anatafuta kofia. Badala yake akakigeuza kiti, akakisukuma hadi kikagusa magoti ya mkwe wake.

“Kaa hapa,” akasema. “Lisome lote, kushuka na kukata, kabla sijalituma. Halafu uniambie kama ni la kutuma, au kama niwaachie wenye magodoro ukurasa wao. Na usiniite baba mpaka umalize.”